Mwili Wangu Wote, na Roho

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza shajara. Mtu mkubwa huandika mambo yake mwenyewe kabla watu hawajamwandikia kwa makosa. Na mimi mwaka huu nakuwa mtu mkubwa. Baba wa daktari!

Bado hajawa. Ameomba tu. Lakini binti yangu nilianza kumwita Dokta akiwa na miaka sita, mama yake nikamgeuza Mama Dokta, na mtaa mzima umezoea. Kilichobaki ni karatasi. Na karatasi ndiyo kazi yangu. Duka langu la fotokopi linatazamana na geti la chuo. Miaka kumi na tisa nawajazia watu fomu: za pasipoti, za kuunganishiwa umeme, za talaka. Mimi fomu siisomi. Naijua kwa umbo. Kanuni yangu ni moja: usiache nafasi tupu. Nafasi tupu humtia karani wasiwasi, na karani mwenye wasiwasi hukwambia urudi kesho.

Fomu ya kuzaliwa ya Dokta niliijaza kabla hajazaliwa. Mkunga alisema tarehe sita, nikaandika sita. Akachelewa, akazaliwa tarehe nane. Kwa hiyo binti yangu ana siku mbili zaidi ya umri wake. Hajanisamehe mpaka leo. Sijui kwa nini. Nilimtangulizia!

Anachoomba kinaitwa Njia ya Pamoja. Unadahiliwa na vyuo viwili kwa mpigo: miaka miwili ya sayansi hapa, minne ya udaktari ng'ambo. Ukiingia, umeingia kote kuwili. Nafasi ni kumi na mbili. Walioomba mia nne na ushei. Mmoja wao ni mtoto wa shemeji yangu mfamasia, kaka yake mke wangu, mtu anayevaa koti jeupe hata akienda kununua mkate. Ameshaniambia mbele za watu kwamba mwanawe ana udaktari ndani ya damu. Damu gani? Anauza dawa za kikohozi!

Dokta kaniomba jambo moja. Mpaka majibu yatoke, nisikanyage chuoni. Anasema kanuni ya tisa inasema ndugu akionekana kumpigia mwombaji debe, jina linafutwa papo hapo. Ameisoma mara tatu. Huyu mtoto husoma kila kitu mara tatu, hata chupa ya shampuu. Nimemwahidi.

Jumanne, 4 Machi

Nimekanyaga chuoni.

Si kosa langu. Mlinzi wa geti alikuja dukani kulaminishiwa kitambulisho. Akaniambia kwamba wazazi wanaojitolea pale chuoni hujulikana. Mama mmoja alijitolea kushona mapazia ya ukumbi, na leo mwanawe ni bingwa wa macho. Nikawaza. Kujitolea si kupiga debe. Kujitolea ni uungwana! Nikafunga duka nusu saa.

Dirisha namba tatu. Karani mama mtu mzima, miwani ya mnyororo. Nikaomba fomu ya kujitolea. Akaniuliza idara gani. Ubao ulikuwa nyuma yake, idara zimepangwa kwa alfabeti, ya kwanza Anatomia. Nikasema Anatomia. Wenye haraka hawachagui.

Akashusha sauti. Akauliza kama nimezungumza na familia. Nikajibu kwamba familia ndiyo sababu yenyewe. Akanipa pole. Pole ya nini? Nikajaza kwa dakika nne, sijawahi kujaza upesi hivyo. Mstari mmoja tu niliusoma, kwa sababu ulinivutia: Ninajitolea mwili wangu wote, kwa hiari yangu. Hiyo ndiyo lugha! Si kujitolea nusunusu. Ila baada ya neno "wote" waliacha nafasi, kama upana wa vidole viwili. Nikaongeza kwa mkono: na roho.

Mwili wangu wote na roho. Limekaa vizuri mno.

Karani aliyatazama maneno yangu muda mrefu. Akaenda chumba cha nyuma. Nikasikia viti vikisogezwa, viti vingi, kama watu wamesimama wote kwa pamoja. Akarudi, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia mama, uko mbele ya mtu wa fomu. Akapiga muhuri. Hapo palikuwa na kitu kidogo. Mkono ulishuka, muhuri ukagusa karatasi, na mlio wake nikausikia baadaye. Nilikuwa nimeshahesabu mbili.

Vigae vya siku hizi havifai. Vinachanganya sauti.

Alhamisi, 6 Machi

Barua! Imeletwa kwa mkono. Inaanza hivi: Mwalimu wetu mpendwa.

Mwalimu! Mimi niliyeishia darasa la kumi! Wanasema wanafunzi watajifunza kwangu mambo ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuwafundisha. Wanasema hakuna haraka. Wanasema watanisubiri.

Aliyeleta ni mhudumu wa idara. Mtu mrefu, mpole, viganja vyeupe kwa ndani kama vilivyolowekwa mchana kutwa. Pale chuoni wanamwita Mpokezi. Alisimama mbele ya kaunta akinitazama kwa upendo. Hakuna neno lingine. Akauliza kama nina presha, kama niliwahi kuvunjika mfupa, kama mafuta ya tumboni ni ya zamani au ya karibuni. Kisha akatoa futi ya fundi cherehani akanipima: mabega, urefu, upana. Nikajua ni joho. Nikamwomba aache nafasi kidogo kiunoni. Akasema hapo hapatanisumbua.

Akanipa kadi. Ngumu, nzuri, imelaminishwa kuliko ninavyolaminisha mimi. Mbele jina langu na neno MWALIMU. Nikaitia mfuko wa shati. Alipoondoka hakuaga. Alisema tutakuwa pamoja.

Jambo moja. Nilitoa nakala ya kitambulisho changu kwa ajili ya faili. Jina limetoka. Namba imetoka. Mahali pa picha pametoka peupe. Nikarudia mara sita. Peupe. Nikaweka kitambulisho cha mlinzi, ambacho hajakichukua bado, sura yake ikatoka na chunusi zake zote. Wino wa mashine umeisha upande mmoja, nadhani.

Jumamosi, 8 Machi

Orodha ya muda imebandikwa getini. Dokta ni wa kumi na mbili! Wa mwisho, lakini yumo! Na wa kumi na tatu, yaani wa kwanza wa akiba, ni nani? Mtoto wa shemeji! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Orodha kamili itathibitishwa tarehe ishirini na moja. Mpaka hapo, mmoja akitoka, wa akiba anaingia.

Dokta hakucheka. Alisimama mbele ya jina lake, akaligusa kwa kidole. Akasema polepole kwamba tangu apate akili hajataka kitu kingine duniani. Nilijisikia vibaya kidogo, kwa vile nilikuwa na kadi mfukoni. Nikaifunika kwa kiganja.

Alipoondoka nikaenda kulitazama darasa langu. Mlinzi akalisukuma pembeni daftari la wageni. Akafungua lingine, gumu, jekundu, akaandika jina langu humo. Nilichungulia. Juu yangu: darubini mbili. Chini yangu: friji, mlango mmoja. Nikamwuliza kulikoni. Akasema ameambiwa kuanzia Jumanne mimi si mgeni tena.

Mpokezi akanitembeza. Ukumbi safi. Baridi kali. Meza ndefu za chuma, kila moja ina mfereji na tundu la maji. Nikajua ni jiko la chuo. Akaniambia meza namba nne ndiyo yangu, inapata mwanga mzuri wa asubuhi. Akanishika kiwiko akaniuliza kama ningependa kuijaribu. Nikasema siku nyingine. Sina njaa.

Kutoka nikazuiwa. Mlinzi, mtu niliyemlaminishia juzi tu, anasema kilichoandikwa kwenye daftari jekundu hakitoki bila hati ya kutoka! Mpokezi akaja mbio, akaniandikia hati. Sababu ya kutoka: matumizi ya nje, kwa muda.

Mke wangu analalamika mikono yangu ni ya baridi. Kweli. Nimeshika kikombe cha chai robo saa nzima. Chai ndiyo imepoa.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya. Niandike upesi.

Mchana tulikula kwa shemeji. Shemeji kavaa koti jeupe mezani. Akasema wa akiba nao huingia, ng'ambo huitwa wengi mwishoni. Akasema bila kunitazama kwamba baadhi ya watu huishia getini kutoa nakala za mafanikio ya wenzao.

Mimi si jiwe. Nikatoa kadi nikaiweka katikati ya meza. Nikawatangazia kwamba nimeteuliwa mwalimu wa Idara ya Anatomia, nina meza yangu, na wanafunzi wananisubiri kwa hamu.

Shemeji aliichukua kadi, akasoma mbele, akaigeuza. Koti lilimvuka bega asijue. Akampa Dokta. Dokta akasoma nyuma kwa sauti, kwa sababu husoma kila kitu. Imeandikwa hivi: Mwenye kadi hii amejitolea mwili wake kwa mafunzo ya udaktari. Akifariki, piga namba hii mara moja. Hifadhi mahali pa baridi. Usimvalishe.

Mke wangu alipiga yowe. Dokta akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kwamba walimu wa Anatomia ni maiti. Ndivyo wanavyowaita, kwa heshima. Kwamba sikujitolea kusaidia kitu. Nilijitolea, basi. Mwenyewe. Mzima mzima. Kisha akaniuliza lini nilikanyaga chuoni.

Lo! Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Shemeji, kwa kunifariji, alisema kujitolea mwili ni jambo la heshima, watu wema hufanya hivyo, na wala hakuna kinachobadilika mpaka mtu afe. Ni fomu ya kawaida tu. Akauliza kama niliongeza chochote.

Nikasema hapana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelimaliza. Mwenyewe, kimyakimya. Dokta aliniambia nisubiri, twende pamoja, asome yeye. Akaichukua na kadi akaificha. Lakini mtoto ana mtihani wa usaili Ijumaa. Nimsumbue kwa jambo langu? Baba gani huyo?

Dirisha namba moja lilikuwa halina foleni. Karani kijana, tai nyembamba. Nikamwambia sitaki tena kujitolea, nataka kujitoa. Kujitolea, kujitoa. Tofauti ni silabi moja tu, na kwa silabi hiyo nusura niliwe! Akasema fomu ya kujitoa anayo. Akauliza namba. Namba yangu iko nyuma ya kadi, kadi kaificha Dokta. Lakini namba moja naijua kwa moyo, nimeikariri tangu Januari. Nikaitaja. Akaitafuta, akaipata. Akauliza mimi ni nani wa mwenye faili. Nikamwambia ni mimi mwenyewe bwana, mwili huu ndio huu. Akaandika: mzazi.

Nikajaza kila mahali. Kwenye Sababu za Kujitoa nikaandika: Nimebadili nia. Bado naupenda mwili wangu. Akasoma, akaniangalia, akapiga muhuri. Mlio ulikuja kwa wakati wake. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Nimelala usingizi wa mchana, wa raha.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi Dokta aliingia dukani. Hakulia. Afadhali angelia. Aliweka simu juu ya kaunta, ujumbe umefunguka. Tumepokea uamuzi wako wa kujitoa kwenye Njia ya Pamoja. Tunakutakia kila la heri.

Dirisha namba moja ni la udahili.

Namba niliyoitaja ni yake, ya maombi.

Dakika kumi baadaye shemeji akapiga. Mwanawe ameitwa, ajiandae. Sauti yake haikuwa na kiburi, ndicho kilichoniumiza zaidi. Aliuliza kumetokea nini kwa mtoto wetu. Alisema "wetu".

Dokta alisimama palepale kwenye mashine. Akasema siku zote naijaza nafasi yake mimi. Hata kuzaliwa nilimzalia. Hajawahi kupata mstari mmoja wa kwake mwenyewe auandike kwa mkono wake. Akasema kwa sauti ndogo sana kwamba huu ndio uliokuwa mstari huo.

Nimeona aibu ambayo sikujua iko duniani. Nimeandika hapa ili nisiisahau.

Jumatano, 12 Machi

Tulikwenda wote wawili kwa mkuu wa udahili. Mama mwembamba, sauti ya kipimo, skrini kubwa ukutani. Kwenye skrini walikuwa watu watatu wa chuo cha ng'ambo, wamekaa kwenye kivuli, hawakupepesa macho muda wote. Nilidhani picha imeganda. Haikuganda. Mmoja aliandika kitu kila nilipopumua.

Nikajieleza. Nikaomba. Nilipiga magoti, bila ya utani. Mkuu akasema fomu ya mzazi ikishapigwa muhuri haitenguliwi, vyuo vyote viwili vimeshairekodi. Dokta alikuwa akitazama sakafu.

Hapo mlango ukafunguka bila kugongwa. Mpokezi, na daftari jekundu. Akaomba radhi. Akasema fomu ile ina kasoro. Sahihi iliyopo si ya mzazi. Ni sahihi ya mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa mali ya idara tangu tarehe nne. Mkono wa idara hauwezi kumtoa mwombaji. Ni kama fomu imesainiwa na meza.

Mkuu akageukia skrini. Wale watatu wakainamisha vichwa kukubali, wote pamoja, upande mmoja.

Kisha mkuu akanieleza kwa kituo. Nikiondoa zawadi yangu, mkono unarudi kuwa wangu, na nilichosaini kwa mkono huo kinasimama. Binti anatoka. Nikiiacha zawadi yangu ilivyo, fomu ni karatasi tupu. Binti anabaki wa kumi na mbili. Nichague.

Mwoga mimi. Niliuliza kama wanaweza kuchukua mkono tu, mwili uliobaki wakanirudishia. Mpokezi akasema kwa huruma kwamba hawachukui rejareja.

Nikamtazama Dokta. Alikuwa ameinua uso. Ananikataza kwa macho, anatikisa kichwa, na huku kidole kinachora juu ya goti lake namba kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, wala hajui kwamba kinachora. Nikasema iacheni ilivyo.

Njiani alinishika mkono. Akashtuka kwa ubaridi wake, lakini hakuuachia. Akalia hapo, barabarani, mbele ya watu. Akasema ananipenda, mimi baba yake mjinga. Akaniomba kitu kimoja: nisiguse fomu nyingine maishani kabla yeye hajaisoma. Nimeapa. Safari hii kwa kiapo kamili.

Ijumaa, 14 Machi

Dokta yuko kwenye usaili. Mpokezi amekuja kunywa chai. Hakunywa. Alikishika kikombe akakirudisha kimejaa.

Nimezoeana naye. Si mtu mbaya. Akanionyesha daftari jekundu lote, miaka thelathini ya majina. Kila mstari una jina, na mwisho kabisa kisanduku cha tarehe ya kufika. Kwa wengi kisanduku hicho kimejazwa kwa mwandiko wa Mpokezi. Kwa mtu mmoja, mwandiko ni tofauti. Fundi saa, alikuwa na kibanda mtaa wa pili. Mpokezi anasema walimwambia asiguse kisanduku, hujazwa baadaye. Hakuweza kujizuia, alikuwa mtu wa kupenda kila kitu kiwe na saa yake. Akaandika siku na saa. Na siku hiyo, saa hiyohiyo, alikuja kwa miguu yake mwenyewe, mzima, amenyoa. Akalala kwenye meza akafumba macho. Hakuchelewa hata dakika.

Hicho ndicho ninachokipenda kwa watu wa zamani. Kushika muda!

Kisha Mpokezi akagusia lile neno langu. Na roho. Anasema kwa miaka yote thelathini hakuna aliyewahi kuwapa hiyo. Hawana pa kuiweka. Majokofu hayafai. Wameandika ng'ambo kuomba ushauri. Nikamwambia ni neno la kunogesha tu. Akasema kwenye fomu hakuna maneno ya kunogesha.

Leo hata kwenye kioo cha duka, nilipokuwa nafunga, niliona rafu, mashine na saa ya ukutani. Nikasogea. Nikaona rafu, mashine na saa. Kioo kinahitaji kufutwa.

Ijumaa, 21 Machi

Imethibitishwa! Kumi na mbili: jina lake! Vyuo vyote viwili, mihuri miwili! Anaanza Jumatatu!

Mke wangu aliruka mpaka kiatu kikamvuka. Shemeji alikuja na mwanawe, wakampongeza kwa dhati. Kijana anasema ataomba tena mwakani. Nikamwambia nitamjazia fomu. Shemeji akasema haraka sana kwamba asante, hapana.

Dokta amenikumbusha kiapo changu. Mbele ya mama yake. Nikamwambia mimi ni mtu mwingine sasa. Na ni kweli, nimejifunza. Mtu anayejaza fomu bila kusoma ni mpumbavu. Naandika hapa kwa wino.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya ajabu, siku ya heri! Nimedahiliwa!

Saa tano hivi. Mama Dokta yuko sokoni, Dokta amekwenda kununua koti lake la maabara, atarudi baada ya saa moja. Mpokezi akaingia na bahasha. Jibu la ng'ambo limefika. Wamekaa kikao. Wamekubali. Roho wataipokea wao.

Akaniwekea fomu juu ya kaunta. Karatasi nzito, ya rangi ya maziwa. Juu imeandikwa: Njia ya Pamoja. Chini yake jina langu, limechapwa. Sehemu ya kwanza: Mwili, chuo cha hapa. Sehemu ya pili: Roho, chuo cha ng'ambo. Kudahiliwa kote kuwili, kwa mpigo! Mimi! Darasa la kumi! Shemeji miaka yote ya koti jeupe hajawahi kudahiliwa hata mahali pamoja.

Nilikumbuka kiapo. Nikasema namsubiri binti yangu asome kwanza. Mpokezi akasema vizuri sana, asubiri, na kwamba hakuna cha kujaza, wao wamejaza kila kitu. Alinionyesha tu kwamba kisanduku cha mwisho, Tarehe ya Kuripoti, nisikiguse. Hicho hujijaza chenyewe. Kisha akaomba maji, akaenda nyuma kwenye mtungi.

Nikangoja. Mungu ni shahidi wangu kwamba nilingoja. Nilitazama saa, nikatazama barabara. Nikapanga kalamu. Nikatazama fomu. Ilikuwa fomu nzuri kuliko zote zilizopita mikononi mwangu. Kila mstari umejaa, umenyooka, umetulia. Na pale chini, peke yake, nafasi tupu.

Tupu kabisa. Fomu ya namna hiyo! Iende ng'ambo, wale watatu waione, waseme imetoka dukani kwangu!

Isitoshe, kusoma nilikuwa nimeshasoma. Karibu yote. Kiapo kilihusu kusoma.

Nikaandika: Jumatatu, 24 Machi, saa tatu asubuhi. Jumatatu asubuhi hakuna wateja. Mwandiko umekaa vizuri, herufi zimesimama.

Mpokezi aliporudi aliisoma akiwa amesimama. Akavua kofia. Akanitazama na upendo uleule wa siku ya kwanza, na machozi yalimlengalenga machoni, sijui kwa nini. Akatoa muhuri mfukoni. Nikasikia mlio wake, kishindo kizima, na mkono wake ulikuwa bado hewani. Kisha ukashuka, kimya, ukagusa karatasi.

Na vigae vya dukani kwangu navyo nitavibadilisha.

Dokta amerudi sasa hivi. Koti limemkaa kama limezaliwa naye. Anazunguka dukani, anacheka, anajitazama kwenye kioo. Ameniuliza kama kuna mtu alikuja. Nimesema hakuna. Ameniuliza kama Jumatatu nitamsindikiza siku yake ya kwanza, maana anaripoti saa tatu na anaogopa kidogo.

Nimemwambia asiogope. Na mimi saa tatu nina shughuli hukohuko. Tutaingia pamoja.